Upande wa Kushoto

Mshonaji alikuwa anageuza kola ya shati la shule wakati kipandauso kilipoanza, na nusu ya karakana ikaingia giza. Giza lilishika upande wa kushoto kuanzia dari hadi sakafuni, likakata meza ya kupigia pasi katikati na kuacha pasi nje. Wenzake waliokuwa upande huo walibeba vyerehani vyao wakahamia kulia. Mmoja alimuuliza kama anataka maji.

Ilikuwa hivyo tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Kichwa kilimgonga upande mmoja, macho yakaona vimetameta, kisha upande wa kushoto wa popote alipokuwa ukazimika mpaka maumivu yaishe. Mwanzoni fundi mkuu alinung'unika kwamba kazi zinalala. Baadaye aligundua kuwa kitambaa cha buluu hakipauki humo, akahamishia majora yake yote kushoto, na tangu hapo akawa mtu wa kujali sana.

"Kichwa vipi leo, dada?"

"Bado hakijaanza."

"Haya, tusubiri," alisema fundi mkuu, akionekana kukata tamaa kidogo.

Nyumbani nako giza halikukosa matumizi. Mume aliweka soda zake humo zikapata ubaridi bila friji. Mama mkwe alilala humo mchana, akasema hajapata usingizi mtamu namna hiyo tangu ujana wake. Mshonaji peke yake ndiye aliyeliogopa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeitwa. Ndani kulikuwa na sauti yake mwenyewe, imechoka, ikimwambia aingie apumzike na asihangaike kurudi. Kila kichwa kilipomshika, alizidi kuona kwamba sauti ile inasema kweli.

Kliniki, nusu ya chumba ilipozimika, nesi alivuta kiti chake kwenye mwanga akaendelea kumpima tumbo.

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza, sista. Mimi ndiye mwenye mawazo mabaya. Naogopa siku moja nitaingia humo nisitoke."

"Mama kijacho, nani hana mawazo siku hizi?" Nesi aliinama kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akatabasamu. "Huyu hapa yuko vizuri kabisa. Hicho kichwa ni mimba tu, ukijifungua kitapoa. Ukitoka, niitie anayefuata."

Jioni hiyo alimwomba mume akae naye pale mpakani, mwanga unapoishia, amshike mkono. Hakutaka kingine. Mume alikubali bila ubishi, mpira ukiisha. Mpira uliongezwa muda. Kichwa kilikuwa kinapasuka, sauti ilikuwa inaita, na mshonaji alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani. Aliinuka kitini, akaingia.

Safari hii giza halikuondoka. Mume alisikitika, akasogeza televisheni isimezwe. Mama mkwe alikuwa akisukuma sahani ya chakula mpakani, na sahani ilirudi tupu, basi wakaona mambo yanakwenda. Jirani aliyekuja kumjulia hali aliambiwa amepumzika, akaridhika, akaomba soda baridi.

Uchungu ulipoanza walimsikia. Nesi aliitwa, akapiga magoti mpakani na kunyoosha mikono ndani. Tochi alikuwa nayo mfukoni, ila alisema mwanga ungemsumbua mgonjwa wa kichwa. Mtoto alitoka akilia, akapokewa, akafutwa, akapimwa.

"Wa kike. Mzima, uzito safi."

Mama mkwe alipiga vigelegele, mume akaanza kupiga simu. Kutoka gizani mshonaji alisema taratibu, "Nishikeni mkono."

"Pumzika, mwanangu," mama mkwe alimjibu, akimfunika mjukuu wake. "Kazi umeshaimaliza."

Siku hizi mtoto akilia njaa hupelekwa mpakani, na mikono miwili hutoka kumchukua. Akishiba hurudishwa, ameshapigwa mgongo akacheua, na watu husema huyo mama ana bahati, hana cha kufanya ila kunyonyesha. Juzi mkono mmoja tu ndio uliotoka. Ulipapasa hewani, na vidole vilifunguka kana kwamba vinatafuta kitu kingine kabla ya mtoto. Mama mkwe aliusubiri utulie, kisha akamlaza mtoto juu yake.

"Mmoja unatosha," alimwambia mwanawe. "Mtoto mwenyewe mwepesi."