Mutu Iko

Swadiki fundi simu alikuwa bahili, na Koboko nzima, mji wa mpakani, ilimsifu kwa ubahili huo. Alipotengeneza tovuti ya kuwatafutia watu ndugu zao waliopotezana nao vitani ng'ambo ya mpaka, hakutoa hata senti kwa programu. Zote alizipata za bure. Jina la tovuti nalo akalipata kwa bei ya karanga, ofa ya mwaka wa kwanza. Jamaa mmoja wa kompyuta kule Arua alimwonya: jina la mtandaoni hukodishwa kama chumba, lipia miaka kadhaa kabisa. Swadiki akacheka. Huyu anataka kunila tu, alisema.

Jina lenyewe lilikuwa Mutu Iko, yaani mtu yupo, kwa Kiswahili cha huko. Lilichorwa kwenye maturubai ya malori ya njia ya Oraba, likavuka mpaka hadi mji wa Kaya na mbele. Paska, mshona nguo aliyepotezana na bintiye Kiden wakikimbia vita, alipita kwenye kibanda cha fundi kila siku ya soko, akauliza, "Swadiki, mutu iko?"

"Bado, mama."

Haya, mwaka ukaisha. Ilani za kulipia upya zilitumwa kwenye barua pepe aliyoifungua kwa ajili ya ofa tu, asiifungue tena. Asubuhi moja anaingia kwenye tovuti, anakuta kamari. Wenye kamari wamelinyakua jina, na kulirudisha wanataka bei ya nyumba. Hakumwambia mtu, akijidanganya kwamba njia itapatikana.

Siku ya soko Moris, dereva wa mojawapo ya malori yale, alimkuta Paska ameshakaa kibandani, akamgeukia Swadiki.

"Swadiki, wewe hapana iko na aibu? Huko ng'ambo msichana moja aliona ile jina kwa turubai, akasimamisha mimi. Anasema alifungua, akakuta kamari. Anatafuta mama yake wa cherehani, lakini anasema sisi ni watu ya kudanganya. Akapanda gari ingine, sijui ya wapi."

Swadiki alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jina yake nani?" Paska aliuliza.

"Kiden."

Paska aliinuka. Yale ya kamari wala hakuyasikia. Alilia, akacheka, akamshika Swadiki mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Basi mutu iko," alisema. "Andika sasa, mwanangu. Andika kwa ile tovuti yako, mama iko hapa Koboko."

Swadiki akaichukua simu. Hakuwa na pa kuandika.