Jiko Lililofichwa Bandani

Mkaguzi wa serikali alipobisha hodi, mkate wa Edelmira ulikuwa bado unaiva kule bandani.

Mpango wenyewe hauna ugumu. Mji mzima wa Coyhaique hukohoa moshi kila baridi, basi serikali inakupa jiko jipya linalochoma punje za mbao, kisha inakuja kuzivisha kuta na dari zako kinga ya baridi, bure. Sharti ni moja: jiko lako la kuni ulisalimishe, likatwekatwe. Edelmira alisalimisha jiko kweli, ila lilikuwa gofu lenye kutu la shemeji yake. Lake, alilolitumia kuoka mikate miaka thelathini na moja, lilihamia bandani, na bomba la moshi wakalikata fupi lisichungulie juu ya paa, maana majirani wale hawana dogo.

Kuta zenyewe zilikuwa kwa ajili ya mumewe, Nolberto. Daktari alikwisha kusema mapafu yale hayatamaliza baridi nyingine katika nyumba inayopitisha upepo. Jiko likionekana, jina lao linafutwa na kuta hawazipati.

Mkaguzi, binti aitwaye Yasna, alivua koti akaketi. Edelmira alimtilia mate, ile chai chungu ya majani, na, kwa mazoea tu, akaweka mkate wa jana mezani. Hapo ndipo alipoyaona majivu ya kuni chini ya mkate, akatamani ardhi immeze.

"Mkate mtamu huu, mama."

"Kula, mwanangu, kula," alisema.

Yasna akatoa kidude cha kupima hewa, akazunguka nacho sebuleni na chumbani. "Hewa safi kabisa. Hongereni."

Edelmira akashusha pumzi. Mara Nolberto akaingia kutoka uani, akikohoa mpaka akashika ukuta.

"Pole, mzee. Ndivyo ulivyo siku zote?"

"Mwaka huu ndio kazidi," Edelmira alidakia.

"Mwaka huu?" Yasna alikunja uso. "Na jiko jipya mnalo tangu Machi? Mzee, unashinda wapi?"

"Popote pasipo na hilo jiko lenu la bati linalovuma," Nolberto alicheka, kikohozi kikamkata.

Edelmira hakucheka. Aliujua mlango aliotokea mumewe: ule wa banda. Kila asubuhi Nolberto hujifungia bandani majirani wasione moto, anaulinda mkate wa mkewe, na moshi wa lile bomba fupi hauna pa kwenda. Na yeye Edelmira kila siku humshukuru! Aibu ilimchoma.

"Basi weka sahihi hapa, mama," Yasna alisema. "Kwamba hakuna jiko la kuni nyumbani wala uani."

Edelmira alishika kalamu. Aliishika, kisha akaiweka mezani.

"Njoo nikuonyeshe kitu, mwanangu."

"Edelmira!" Nolberto alimaka. "Una wazimu? Na kuta je?"

"Na wewe je?"

Alipofungua banda, moshi ulitoka kwa wingi hata Yasna akaziba mdomo kwa kiganja. Edelmira aliingia huku machozi yakimtoka, akauvuta mkate ungali mbichi, akamwaga ndoo nzima ya maji motoni.

"Andika unachotaka," alisema. "Mkitufuta, tufuteni. Lakini lichukueni leo hii."

Yasna alibaki kuitazama fomu isiyo na sahihi. Nyuma yao Nolberto alikuwa akikohoa.