Leza Kubwa Mbili na Mkondo Uliokauka

Jitu langu hupoza joto kumi kwa kila zamu, na leza kubwa mbili hutoa joto kumi na sita. Hilo ndilo tatizo lote. Sita zinazobaki hujikusanya, na zikifika kumi na nane jitu linazima, linasimama kama nguzo, adui analipiga apendavyo.

Ni mchezo wa mezani: majitu ya vita, ramani ya viboksi, dadu mbili. Tuko wanne, watu wazima wenye mvi, na kila Ijumaa tunauchezea kwenye baraza yangu hapa Langoni kwa sababu goti langu la kulia limeharibika na kutembea ni taabu. Mwaka huu Fahmi, anayeendesha boti Ras Kitau, alisema imetosha, meza ihamie kwake Mkomani. Tukakubaliana tucheze mimi na yeye. Mshindi akae na meza mpaka Ramadhani ijayo.

Siku tatu nilipima silaha huku nikipiga randa milango ya watu. Leza ya kati ina madhara matano na joto tatu, lakini hufika viboksi vinane tu. Kubwa ina madhara tisa na hufika kumi na nne. Za kati nne zingenipa madhara ishirini, kubwa mbili kumi na nane. Kwenye karatasi, za kati ni bora. Lakini jitu langu ni zito, halikimbii, na asiyeweza kukimbia hapendi adui amsogelee. Hilo nalijua bila kusomeshwa.

Nikachagua kubwa mbili, nikategemea maji. Jitu likisimama kwenye mkondo wa maji uliochorwa ramanini hupoza sita zaidi. Kumi na sita kwa kumi na sita.

Maji yetu, lakini, hayaamuliwi mezani. Tuligombana sana zamani kama mkondo umejaa au la, tukaamua tufuate bahari yenyewe. Ngazi ya tatu ya bandarini ikiwa wazi, mkondo wa kwenye ramani umekauka. Yassir, mmoja wetu, hukaa kule na simu.

Goti halinifikishi bandarini, kwa hiyo nilihesabu tarehe za mwezi, maji huzifuata. Kumi na sita Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani: ngazi ingefunikwa mpaka karibu na magharibi. Tukaanza baada ya alasiri.

"Bwana Husni," Fahmi akasema, "hilo jitu lako laoga au lapigana?"

"Laoga. Wako mkono wa kushoto u wapi?"

Nilikuwa nimeung'oa zamu ile ile. Ubaid, mwandika alama wetu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Saa kumi na moja unusu simu ikalia. "Mai yamepwa," Yassir akasema. "Ngazi ya tatu i wazi."

"Mwongo! Leo kumi na sita."

Fahmi akaweka dadu chini. "Kumi na sita ya nani?"

Hapo nikajua. Nyumbani kwangu tulisali Idi kwa tangazo la nje. Mtaa ulingoja kuuona mwezi, ukasali kesho yake; kwao leo ni kumi na tano. Katika ibada kila mtu na imani yake, sina ugomvi. Lakini bahari haisikilizi redio, na siku moja ya mwezi ni karibu saa nzima ya maji. Mtu wa Lamu kusahau hilo ni aibu.

"Piga moja moja," Ubaid akaninong'oneza.

Leza moja isingemzuia. Nikapiga zote mbili. Joto sita. Nikapiga tena. Kumi na mbili. Mara ya tatu nilihitaji saba kwenye dadu nimmalize. Nikapata sita. Jitu likazima. Fahmi akaja na za kati zake, kiboksi kwa kiboksi, bila haraka.

"Chukua meza," nikamwambia.

"Tutakuletea punda."

"Mimi si gunia."

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Fahmi ni hatua mia tisa na arubaini, na vidato kumi na moja vya kupanda. Mara ya kwanza nilipumzika mara sita, nikakuta zamu nne zimekwisha chezwa. Tangu hapo zimepita Ijumaa nane. Nimekwenda tatu.