Waliopokea Arosto ya Cornel

Ida alikuwa uani kwake Masanze akipepeta ufuta wakati bodaboda ilipomshusha mwanawe. Cornel alitokea Mikumi, alikokuwa utingo wa malori na alikojifunzia kutumia unga wa kulevya. Alikuwa amekonda, anatetemeka, jasho linamtiririka ilhali asubuhi ile ilikuwa na ubaridi. Alitua mfuko wake chini akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Ida akajibu, na papo hapo magoti yakaanza kumgongana.

Cornel akanyooka. Jasho likamkauka. Akauliza kama kuna kiporo.

Ida aliijua arosto, ile hali inayomshika teja akikosa unga, kwa sababu aliwahi kumuuguza mwanawe nayo. Sasa aliijua kwa ndani: mifupa inauma kama inasagwa, pua inachuruzika, tumbo linavuruga. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akamwonyesha Cornel sufuria ilipo. Ufuta wa siku ile ulipepetwa vibaya. Jua lilipozama maumivu yalimtoka yeye, yakamrudia Cornel mwenyewe.

Kesho yake Cornel hakumsalimia mtu. Alimpita Mzee Samwel, katekista, kichwa chini. Alimpita hata Tumwagile, mjane wa nyumba ya pili, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Mwanao siku hizi ana kiburi," Tumwagile akamwambia Ida.

Ida akamweleza yote. Tumwagile alifikiri kidogo huku akichambua mchicha wake.

"Jumanne sina kazi nzito," akasema. "Mwambie aje aniamkie."

Hivyo ndivyo wakubwa wa kitongoji walivyoanza kupokezana. Asubuhi Cornel alikwenda kwenye nyumba ya zamu, akasema shikamoo kwa aibu, akaitikiwa marahaba, akachukua jembe akaenda shamba. Aliyeitikia alilala mkekani na ndoo pembeni mpaka magharibi. Mzee Samwel aliomba siku ya Jumapili. Aliongoza ibada akitetemeka, machozi yanamtoka, na waumini walisema neno la siku ile liliwagusa. Tumwagile alimtukana Cornel zamu yake nzima, kisha jioni akampelekea perege wa kukaanga na kumkalia mpaka amalize.

Brightness, tabibu wa zahanati, alikuja kuwapima wazee shinikizo la damu, akaridhika.

"Ipo dawa ya kunywa kila siku, methadoni," akasema. "Lakini kliniki yake iko mbali, na fedha za kufungua nyingine huku kwetu tulizisikia kwenye hotuba tu. Endeleeni hivi hivi. Naona makali yanapungua."

Yalikuwa yanapungua kweli. Kufikia mavuno, zamu ya Ida ilimjia na mafua na miayo, akaweza hata kupika. Cornel alinenepa. Alirudia tabia yake ya kupiga mluzi akiwa anaoga, na Ida alikuwa akisimama nyuma ya bafu la makuti kumsikiliza, anajifanya anaanika nguo.

Siku moja Cornel alipanda basi kwenda kuuza ufuta Kilosa mjini. Polisi walilisimamisha njiani, wakakagua abiria, na katika bitana ya koti lake la utingo wakakuta kete moja ya unga. Alikuwa ameishonea humo siku aliyorudi, kwa woga wa kuzidiwa na arosto. Woga ulikuwa umekwisha. Kete ilikuwa imebaki.

Mahabusu hapakuwa na mkubwa wa kumwamkia, hivyo aliibeba arosto mwenyewe. Alipofikishwa mahakamani alikiri kila kitu. Lakini kabla ya hapo, hakimu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alipokuwa anaketi, Cornel alijisahau.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," hakimu akajibu kwa mazoea, na kalamu ikamponyoka.

Karani akamwokotea. Arosto ilikuwa imepungua, ila kwa mgeni bado ilitosha. Hakimu alijifuta pua, akamtazama mshtakiwa, kisha akamtazama Ida aliyeketi benchi la nyuma. Ida akaitikia kwa kichwa kumwambia kwamba ndiyo yenyewe.

"Huyu ni mgonjwa," hakimu akasema, meno yakigongana. "Humu ndani hakuna anayejua hilo kunishinda." Akafungua kitabu cha sheria. "Kifungu cha adhabu kipo. Cha tiba nacho kipo, ila fungu lake la fedha halijaja, kwa hiyo sina mahali pa kumpeleka."

Akamsomea kifungo. Saini yake ilipinda mpaka ikatoka nje ya mstari.

Gerezani askari wengi walikuwa vijana wa umri wa Cornel, na vijana hawaitikiani marahaba. Kwa hiyo siku za kuona wafungwa, wazee wa Masanze walikwenda kwa zamu, wakasimama nje ya wavu, mmoja akaamkiwa, wengine wakamsindikiza nyumbani wakimshikilia.

Jumapili moja Ida alipofika alimkuta mtu mwingine ameshatangulia, amevaa shati la kawaida, anashikilia wavu kwa mikono miwili. Cornel alikuwa tayari amenyooka, anatabasamu. Ilimchukua Ida muda kumtambua hakimu bila joho.

Dakika zao zilipokwisha walitoka pamoja. Hakimu alitembea akiwa amejikunja.

"Niamkie mimi, baba, ikutoke," Ida akasema. "Mimi nimeshaizoea."

"Hapana, mama. Niache nayo." Alisimama, akapumua. "Kesho ninao vijana wawili. Wa kete vilevile."

"Utawafanyaje?"

"Kama nilivyomfanya huyu."

Ida alimtazama. Alifungua kitenge chake cha mabegani, akamfunika nacho, akakikaza vizuri shingoni maana baridi ndiyo inayotangulia. Kisha akamshika mkono, wakashuka polepole kuelekea stendi. Jua lilikuwa bado juu sana.