Duka Lisilo na Halafu

Asubuhi baba alipofariki, nilimfungulia shangazi duka nikakimbilia hospitalini. Niliporudi adhuhuri nilimkuta vilevile kwenye kigoda chake, sindano mkononi, akingoja kuambiwa jambo la kwanza.

Shangazi ni dada yake mdogo baba. Kichwa chake hushika agizo moja. Ukimpa la pili, la kwanza linamponyoka. Vidole navyo vilikuwa vizito tangu utotoni. Baba, fundi cherehani, alitumia miaka miwili kumfundisha kushona vifungo. Aliufumbata mkono wake ndani ya wake, wakashona kifungo, wakakifumua, wakakishona tena kilekile, mpaka mkono ukajua wenyewe. Hadi leo ukimuuliza uzi unapita tunduni mara ngapi, hana jibu. Lakini mpe kifungo: atakishona huku akitaniana na wapita njia, na hata ukikivuta kwa meno hakitoki.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilimwekea mashati ishirini ya kwaya. "Shangazi, shona vifungo, halafu piga pasi, halafu kunja." Nikatoka kununua uzi.

Niliporudi, mashati yalikuwa yamekunjwa kona kwa kona, yamepangwa kama vitabu vipya. Hakuna hata moja lenye kifungo. Na mwalimu wa kwaya alikuwa ameshafika kuyachukua.

"Kesho tutaimba vifua wazi?" aliuliza, akicheka.

Kaka yangu, aliyekuwa amepita kutusalimia, hakucheka. "Nilikwambia akae nyumbani. Sasa unaona? Wateja watatukimbia."

"Shangazi," nikasema, "si nilikwambia ushone kwanza?"

"Umesema kunja."

"Nimesema shona, halafu piga pasi, halafu kunja."

"Aa, mwanangu." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mgeni asiyejua desturi za nyumba. "Humu hamna halafu. Baba yako hataki."

Nilibaki nimeshika ule uzi. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia baba akilitamka neno hilo mbele yake. Alikuwa akisema "Shona," kisha ananyamaza, anangoja. Nami nilidhani ni mtu wa maneno machache tu.

Nikakunjua shati la juu, nikamwekea mapajani.

"Shona."

Mkono ukaanza. Mwalimu akavuta kiti. Shangazi alikuwa akimaliza uzi upesi kuliko nilivyoweza kumtilia mwingine, basi kaka naye akachukua sindano ya pili aitunge uzi. Uzi ukamkataa mara tatu.

"Ulambe, wewe!" shangazi akamkemea. "Unaogopa uzi?"

Kaka akaulamba. Jioni mwalimu aliondoka na mashati yote ishirini, na habari ya kumkalisha shangazi nyumbani kaka hajaigusa tena.

Siku hizi duka linafunguliwa saa tatu badala ya saa mbili. Shangazi anajifunza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, na mimi namsubiri mlangoni.