Kitambaa cha Malkia Jerono

Kukhu Nakhumicha, bibi mzee wa Tongaren, hakuwa na mwanasiasa wake. Alikuwa na mshindi. Kila uchaguzi ulipokwisha na waheshimiwa wakaanza kuwashukuru wapiga kura kwa ng'ombe wa kuchinjwa na wasanii wa kutoka Nairobi, alivaa viatu vya kanisani akaenda kuwinda saini. "Aliyeshindwa haaliki wasanii," alieleza, na hapo falsafa yake ya siasa ikaishia.

Sebule yake ungedhani ni makumbusho ya taifa. Ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, kulikuwa na kofia ya chama kimoja iliyosainiwa na golikipa, mwavuli wa chama hasimu uliosainiwa na mtangazaji wa redio, na sahani ya plastiki ya mchekeshaji fulani ambayo, kwa heshima ya saini, haikuwahi kuoshwa vizuri. Wageni walitembezwa mbele ya kila kitu kabla ya kupewa chai. Ivy, mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliwahi kutembezwa akiwa na malaria.

Ivy naye alikuwa mtu wa saini, ila yeye alikuwa upande wa kuzitengeneza. Katika shule yake ya bweni aliiga mkono wa naibu wa mwalimu mkuu vizuri kiasi kwamba wasichana wawili walikwenda nyumbani kwa ruhusa ambayo naibu mwenyewe, alipoonyeshwa, alikumbuka kuitoa.

Septemba hiyo kulikuwa na sherehe ya ushindi Bungoma. Magoti ya Kukhu yalikuwa yamevimba, kwa hiyo alibaki kwenye kiti akamtuma Ivy na kitambaa cheupe cha kichwa, kipya, akakisainishe kwa Malkia Jerono, yule mwimbaji wa nyimbo za injili ambaye Kukhu aliimba nyimbo zake hata akiita kuku. Ivy alipofika nyuma ya jukwaa, gari la Malkia lilikuwa limeshaondoka.

Kurudi mikono mitupu lingekuwa jambo la kawaida. Ivy hakuwa na muda na mambo ya kawaida. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akatoa kalamu ya wino mzito, akaandika kwa mikunjo na madaha: "Kwa Kukhu Nakhumicha, nyota yangu. Tukikutana Kitale nitakupandisha jukwaani tuimbe pamoja. Malkia Jerono." Hayo ya Kitale yalikuwa chumvi tu.

Kukhu alisoma kwa sauti, kisha akarudia kimya. Halafu akalia. Ivy alikuwa amejiandaa kwa vicheko, si kwa machozi. Akaongeza haraka, "Alisema anakusalimia sana."

Desemba mabango yakatokea: mbunge mpya angefanya sherehe ya shukrani Kitale, na mgeni wa heshima angekuwa Malkia Jerono. Kukhu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na kikundi kizima kikashona vitenge vya bluu vya kumsindikiza. Alianza kunywa maji ya tangawizi kila asubuhi ili kulainisha sauti. Walipokuwa wakipukuchua mahindi uani, Ivy alijaribu.

"Kukhu, unajua hawa wasanii husahau…"

"Wewe ndiye ulimwona uso kwa uso. Alikuwa na uso wa kusahau?"

Ivy aliangalia gunzi alilolishika. "Hapana, Kukhu."

Siku ilipofika, kikundi kilikaa safu ya mbele, bluu tupu, na katikati yao Kukhu amejifunga kile kitambaa, maandishi yakitazama mbele.

"Mwenyekiti, ukishapanda huko juu utatujua kweri?" Edah, mweka hazina wa kikundi, alimchokoza.

"Nitawapungia mkono. Wewe nitakufikiria kwanza."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Malkia Jerono akapanda, akaimba wimbo wa kwanza, wa pili, na ule ambao Kukhu aliuimba akiita kuku. Kila wimbo ulipoisha Kukhu alirekebisha kitenge chake. Kisha Malkia akasema, "Asanteni Kitale, Mungu awabariki," akageuka kuelekea ngazi.

Kukhu alisimama. Ivy alimshika mkono. "Kukhu, kaa, tafadhali."

"Amesahau kidogo tu. Nitamkumbusha."

Alipanda ngazi kwa magoti yale, na walinzi, kwa kuona umri wake, wakampisha. Mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua aliyeitwa Kipkemei, akamkaribia na maikrofoni.

"Shosho, unaenda wapi bana?"

"Nimeitwa," alisema Kukhu, akafungua kitambaa akampa.

Kipkemei alikisoma chote kwenye maikrofoni, kwa sauti ya kutangaza mpira. Uwanja ukaangua kicheko. Malkia Jerono alirudi, akakitazama, akamwinamia Kukhu. Alisema kwa upole, lakini maikrofoni ilikuwa karibu na haikujua upole. "Hii si mimi, mama. Bungoma sikusaini kitu. Niliondoka mara moja."

"Sasa nani aliandika?" Kipkemei akauliza.

Kukhu alitazama chini kwenye safu ya bluu. Akamwona Ivy. Ivy, aliyewahi kumtazama naibu wa mwalimu mkuu machoni bila kupepesa, aliinamisha kichwa, na hilo likatosha kuwa jibu.

"Ni mimi," Kukhu alisema. "Niliandika mwenyewe. Ni uzee."

"Shosho mjanja!" mtu akapiga kelele nyuma, na simu zikainuliwa juu kumpiga picha. Alichukua kitambaa chake akashuka ngazi polepole. Hakuna aliyempigia makofi.

Alipoketi, akina mama hawakumtazama. Edah alikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. "Si ungetuambia tu, mwenyekiti. Tumeshona nguo zote hizi, ati."

Ivy akasimama. Alizoea kuongea mbele za watu kwa sauti ya askofu, lakini iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa chekechea. "Si yeye. Niliandika mimi. Malkia sikumwona hata."

Edah akafunika mdomo. Ivy alingoja uso wa Kukhu ulegee. Haukulegea.

"Nani alikuuliza?" Kukhu alisema kwa sauti ya chini. "Pale juu nilikuwa mzee aliyechanganyikiwa kidogo. Hiyo watu husamehe. Sasa wenzangu wamejua mwenyekiti wao anaweza kudanganya uwanja mzima."

Ivy akaketi tena.

Kukhu alijikokota akainuka. "Twende."

"Nyumbani?"

"Jina ulilotumia lina mwenyewe."

Walipita kando ya jukwaa hadi kwenye hema la wasanii. Foleni ilikuwa ndefu: vijana na kofia, wasichana na fulana, kila mmoja na kalamu yake. Walisimama mwisho kabisa. Waliokuwa mbele yao walimtambua Kukhu, wakanong'onezana na kucheka. Kukhu alitazama mbele. Ivy alitamani wamcheke yeye, lakini hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye wa kuchekwa.

Mlinzi alipowafikia alinyoosha mkono kwenye kitambaa. "Saini moja tu kwa kila mtu, shosho."

"Hatutaki saini," Kukhu alisema, akamsukuma Ivy mbele. "Huyu amekuja kurudisha moja."