Mashine Iliyomtupa Mulongo

Kwa Wabukusu, mama akizaa pacha wa kiume majina huwa yamemtangulia: wa kwanza Mukhwana, wa pili Mulongo. Namalwa hakuona sababu ya kuacha mila hiyo kwa vile tu alijifungulia Nakuru. Watoto wake walitoka asubuhi moja, wakafanana kama macho ya uso mmoja. Kitu kimoja tu kiliwatenganisha. Mukhwana alipochomwa penisilini, alilia kidogo akalala. Mulongo alipochomwa, midomo ilivimba, ngozi ikajaa mabaka, pumzi ikaanza kupiga mluzi kifuani. Alirudishwa kutoka mlangoni mwa kaburi, na tangu hapo faili yake katika kliniki ya kiwanda cha unga ilibandikwa karatasi nyekundu.

Mwaka wa sabini na nne kiwanda kikapata kompyuta. Namalwa mwenyewe alikuwa mmoja wa wanawake waliotoboa kadi za kliniki: kila mgonjwa na kadi yake, matundu mahali pa maandishi. Mashine ikazisoma, ikachapa orodha ndefu, orodha ikapelekwa kliniki. Mafaili ya zamani yalikuwa yachomwe Ijumaa ili nafasi ipatikane. Mama anayedhani kwamba neno likishachapwa na mashine limekuwa kweli, na asikie yaliyofuata.

Jumatano Mulongo alikohoa mpaka akatapika. Namalwa akaomba ruhusa kazini, akambeba mgongoni hadi kliniki.

Sista Chepchirchir alipitisha kidole kwenye orodha. "Mama Mukhwana, hapa una mtoto mmoja."

"Mmoja? Na huyu niliyembeba ni kikapu?"

"Usinigombeze mimi. Imeandikwa Mukhwana, hana shida na dawa yoyote." Sindano ya penisilini ilikuwa tayari kwenye sinia.

"Sista, weka hiyo kitu chini. Leta faili ya zamani."

Faili ikaletwa, karatasi nyekundu ikaonekana. Sista akafunika sinia, akaenda kutafuta dawa nyingine.

Namalwa alitoka pale na mtoto mgongoni. Siku nyingi aliyewaleta watoto ni wifi yake, msichana mdogo aliyewaita wote wawili "Pacha" kwa kushindwa kuwatofautisha. Je, kama leo angekuja yeye? Na baada ya Ijumaa, hata mama mwenyewe angeonyesha nini?

Alipita nyumbani akamwachia wifi mtoto, akarudi kiwandani na kuingia chumba cha mashine moja kwa moja. Navin, mwana wa Shantilal mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Bwana Navin, mtoto wangu yuko wapi humu ndani?"

Navin alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa. "Programu inamtambua mtoto kwa namba ya kazi ya mzazi na tarehe ya kuzaliwa. Ikikuta mbili sawa, inadhani kadi imetobolewa mara mbili. Inashika ya kwanza, ya pili inaiacha."

"Inaiacha bila kusema?"

"Kimya kabisa. Unadhani sisi tunapenda, mama? Tumewaomba watu wa Nairobi wairekebishe. Kila mtu awe na namba yake mwenyewe. Mashine ikitaka kuacha kadi, ichape jina tulione kwanza. Na tukiharibu kitu, tuweze kurudia orodha ya jana. Wamejibu tungoje mwakani."

"Mwakani! Na kifua cha mtoto kitawangoja?"

Adero, aliyekuwa akitoboa kadi za mishahara, akadakia bila kugeuka: "Aliyeandika hiyo programu hajawahi kuosha nepi za pacha. Angejua ni wawili!"

Hata Navin alicheka. Kisha akashusha sauti. "Kuna njia. Toboa kadi ya Mulongo upya, sogeza tarehe mbele siku moja. Leo hii atakubaliwa."

Namalwa akakaa kwenye kiti chake, akaingiza kadi safi. Kidole kiligusa kitufe. Ilikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Lakini Akoth wa idara ya magunia naye ana pacha, na Akoth hana kiti humu ndani. Nani angemsogezea tarehe? Akaichomoa kadi.

"Waliotupwa kama wangu ni wangapi?"

"Sijui. Nimekwambia haisemi."

"Basi tuifanye iseme. Ile mashine ndogo ya kulinganisha kadi, haiwezi kutoa zinazofanana?"

"Inaweza. Lakini ni lazima nibadilishe nyaya zake zote, na leo ni mishahara. Meneja atanila mzima!"

"Akule akimaliza kunila mimi. Sitoboi hata kadi moja ya mishahara mpaka hizo zitoke."

Mashine ya Adero ikanyamaza. "Hata mimi vidole vimeshikwa na baridi," akasema, akaikunja mikono yake mapajani.

Navin aliwatazama, akavua koti.

Jua lilikuwa likizama kadi zilipoanza kudondoka. Nyingine zilikuwa zimerudiwa kweli. Lakini akatoka Mulongo. Wakatoka Apiyo na Adongo wa Akoth, na pacha wengine wa watu asiowajua. Kadi moja Navin aliisoma mara mbili: pacha, binti wa dereva fulani, ambaye kadi ilisema aliwahi kuzimia kwa dawa ya malaria. Akashika simu.

"Bwana Jonah, Ijumaa tusichome kitu. Ndiyo, mishahara imesimama. Hapana, si mgomo. Ni watoto."

Sauti ya meneja ilinguruma mpaka Adero akaisikia. Navin hakuiweka simu chini. Alisoma majina, moja baada ya jingine, mpaka ngurumo ikakatika.

"Mafaili yatabaki hadi programu mpya ije," Navin akawaambia mwishowe. "Lakini mishahara anaitaka asubuhi."

"Ataipata."

Namalwa alibeba kadi kifuani, akavuka uwanja hadi kliniki, akamkuta Sista akifunga dirisha.

"Fungua tena, Sista. Shika kalamu, uwaandike kwa mkono pembeni mwa orodha yako. Anza na wa Akoth. Wangu unamjua tayari."